Kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala: mwongozo kamili wa kutembea na fimbo nyeupe

Watu wanaonitafuta kuhusu fimbo nyeupe huja na habari moja, majina tu ndiyo yanayobadilika. Fimbo ilipatikana, familia ikafurahi, mhusika akatoka nayo siku tatu nne. Kisha akatumbukia mtaroni mbele ya majirani. Tangu siku hiyo fimbo imesimama nyuma ya mlango, na yeye akitaka kwenda popote anamsubiri mtoto atoke shule amshike mkono.

Wengi wao kosa lao ni moja: walianzia barabarani. Siku waliyopewa fimbo ndiyo siku waliyotoka nayo. Fimbo ni chombo cha kazi kama cherehani, na hakuna anayenunua cherehani asubuhi akashona suti jioni. Katika mwongozo huu fimbo inaingia hatua ya tatu na barabara ya lami inaingia hatua ya saba. Ukiruka hatua, utarudi nyuma ya mlango.

Nimemwandikia mtu mzima aliyepoteza uoni au mwenye uoni hafifu, anayeishi Mwanza au miji ya kandokando ya Ziwa, palipo na vilima, majabali, mitaro isiyo na mifuniko na bodaboda zisizo na adabu. Utafanya mazoezi na mtu mmoja anayeona, ambaye nitamwita msindikizaji. Mimi mwenyewe sioni tangu nikiwa na miaka 31. Naishi Mabatini, na mengi ya humu nilifundishwa na njia ya kutoka kwangu hadi barabara ya Nyerere.

## Kabla ya yote: macho yamekaguliwa?

Usianze mazoezi haya kama hujawahi kufika kliniki ya macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wako wazee wanaoongozwa kwa mkono miaka mingi kwa tatizo ambalo lingetibika. Presha ya macho ni habari nyingine: uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini dawa hulinda uliobaki. Hospitali ya Bugando ina idara ya macho. Nenda, upate jibu, ndipo urudi hapa.

Kama umeshaambiwa kwamba hakuna zaidi la kufanya, jua kwamba aliyekuambia alikuwa anazungumzia macho tu.

## Vitu vya kuandaa

Fimbo nyeupe ndefu. Ukisimama wima, mpini ufike kwenye shimo la chini ya mfupa wa kifua, pale mbavu zinapokutana. Mtu wa sentimita 168 hupata fimbo ya kama sentimita 120. Anayetembea haraka au mwenye hatua ndefu aongeze, hata ifike kwapani. Fimbo fupi inakupa habari ya shimo ukiwa tayari ndani yake. Mkongojo wa mzee, ule wa kuegemea, haufai kabisa kwa kazi hii.

Ulizia Chama cha Wasioona Tanzania na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Ulizia mapema kabla ya tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe, kwa sababu wafadhili wanaogawa fimbo hupenda kuzigawa siku hiyo.

Ukikosa, tengeneza. Tafuta fito jepesi lililonyooka, unene wa kidole gumba, limenye magamba, lipige msasa mpaka lisichome mkono, kisha lipake rangi nyeupe na sehemu ya chini nyekundu. Bomba jembamba la plastiki lisikushawishi: linanesa, na kitu kinachonesa hakifikishi habari mkononi.

Ncha ya akiba. Ncha huisha haraka kwenye changarawe zetu. Ikiisha upande mmoja, fimbo huanza kukwama.

Kapelo au kofia yenye ukingo mgumu mbele, na miwani. Fimbo hailindi chochote kilicho juu ya kiuno. Kamba ya nguo, pembe ya bati, tawi la mwembe, mkia wa lori lililoegeshwa: vyote hivyo hukutana na uso wako kwanza. Ukingo wa kofia ukiguswa, kichwa kinapata nafasi ya kusimama. Kwa mwenye ualbino kofia ina kazi tatu, maana inazuia pia jua la ngozi na mwanga unaoumiza macho.

Viatu vilivyofunga kisigino. Kandambili zinachomoka mguuni, na soli laini sana haikuambii kama umekanyaga zege, mchanga au majani.

Chenji, simu yenye chaji, na nusu saa kila siku. Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi.

## Makubaliano na familia

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si kwa ubaya. Mama anaona huruma, mke anaogopa, watoto wanaona aibu. Wakalisheni chini, msemezane mambo manne.

Kwanza, mlango wa nyumba hii ama uko wazi wote ama umefungwa. Mlango ulioachwa nusu unapasua paji la uso, kwa sababu mikono hupita pande zote mbili za ubao bila kuugusa. Pili, ndoo, viatu na jiko havikai njiani. Tatu, kitu kikihamishwa, aliyekihamisha anasema.

La nne ni gumu kuliko yote: mikono izuiliwe. Msindikizaji asishike mkono wa fimbo, asisukume mgongo, asipige kelele za "kushoto! kushoto! angalia!" Kelele za namna hiyo humchanganya mtu mpaka akaingia palepale alipokuwa anakwepeshwa. Kubalianeni neno moja tu la hatari: SIMAMA. Likitamkwa, mguu uliokuwa hewani unarudi ulikotoka. Lisitumike kwa jambo lingine lolote, hata kwa mzaha.

## Hatua ya 1: Nyumba bila fimbo

Anza na kuta. Simama ubavu kwa ukuta, nyoosha mkono wa karibu mbele kidogo, kimo cha nyonga, gusa ukuta kwa migongo ya vidole vilivyokunjwa kidogo. Migongo, si ncha: ncha za vidole huchomwa na misumari na kubanwa na milango. Tembea chumba kizima namna hiyo mpaka urudi ulipoanzia.

Mkono wa pili uwe ngao. Ukunje kiwiko, sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja ikatize mbele ya uso, kiganja kikitazama nje, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka puani. Ukiinama kuokota kitu, ngao itangulie. Meza na kingo za vitanda zimevunja meno ya watu wengi walioinama haraka.

Umefaulu ukiweza kutoka kitandani hadi chooni, jikoni na mlango wa nje usiku umeme umekatika, bila kugusa mtu wala kuuliza. Utashangaa siku hiyo: nyumba nzima itakuwa inapapasa, wewe unatembea.

## Hatua ya 2: Kushika kiwiko

Hutaacha kabisa kutembea na watu, kwa hiyo jifunze kutembea nao kiutu uzima. Unamshika wewe, juu kidogo ya kiwiko, gumba nje na vidole vinne ndani. Yeye anatangulia nusu hatua. Bega lake likishuka, unajua kuna kushuka, hata kabla hajasema. Panapobana, kama vichochoro vya Igogo, anaupeleka mkono wake nyuma ya mgongo na wewe unaingia nyuma yake.

Akikushika yeye na kukuvuta, unakuwa mzigo unaosafirishwa. Nilitembezwa hivyo na mdogo wangu mwaka mzima, njia ileile ya sokoni, na mwisho wa mwaka sikuweza kusema kona ya kwanza ni ya kulia au ya kushoto. Mwili unaovutwa haujifunzi njia.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu mgeni, kwa sauti tulivu, "Asante kaka, naomba nikushike mimi," na mkaenda bila kukanyagana.

## Hatua ya 3: Fimbo mkononi, uani

Hapa tukae. Ukipita hapa kwa haraka, hatua zote zinazofuata zitakuwa mbovu.

Ushikaji. Shika mpini kama unayempa mtu mkono: gumba juu, kidole cha shahada kimenyooka kufuata fimbo kuelekea chini, vidole vingine vimeukumbatia bila kukaza. Kidole cha shahada ndicho kinachosoma. Ukikaza ngumi, mkono unachoka kwa dakika kumi na habari zinaishia kwenye misuli.

Mahali pa mkono. Katikati ya mwili, mbele ya kitovu, umbali wa shubiri moja. Usiuegemeze mpini tumboni, maana fimbo ikikwama kwenye jiwe utajichoma mwenyewe.

Nitakueleza kwa nini nakazania kitovu. Siku yangu ya kwanza peke yangu nilihesabu hatua kumi na mbili kutoka getini, ya kumi na tatu nikawa ndani ya mtaro mpaka paja. Nililaumu fimbo. Jioni msindikizaji wangu aliniambia nisimame kama nilivyokuwa nimesimama, akaushika mkono wangu ulipo: ulikuwa kwenye nyonga ya kulia. Fimbo ilikuwa inapima kulia kote vizuri kabisa, kushoto hakuna mlinzi. Mtaro ulikuwa kushoto.

Mzungusho. Kiwiko kitulie, kifundo cha mkono ndicho kifanye kazi. Ncha iguse kushoto, ipite juu ya ardhi bila kuinuka zaidi ya unene wa vidole viwili, iguse kulia. Upana uzidi mabega yako kwa vidole viwili kila upande. Ukipanua kupita hapo, utawapiga watu miguu na katikati patabaki bila kupimwa. Ukifupisha, bega ndilo litakalogonga nguzo.

Mwendo wa mguu. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iguse kushoto. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha iguse kulia. Sababu yake ni hii: ncha inakagua mahali ambapo mguu *unaofuata* utakanyaga. Ukienda upande mmoja na mguu, unakagua mahali ambapo hutakanyaga.

Mwanzo utachanganya, na kila mtu huchanganya. Usijirekebishe ukiwa unatembea. Simama, piga ncha papo hapo mara nne huku ukihesabu kwa sauti, kisha anza upya. Wako wanaotumia wimbo wa kwaya, wako wanaotumia "ku-sho, ku-li". Siku ya nne au ya tano mwili unashika wenyewe, nawe unasahau kuhesabu.

Kuburuta. Kwenye sakafu ya saruji, kibarazani, karibu na ngazi na kando ya mtaro, usiinue ncha kabisa, iburute. Ncha inayoburutwa haivuki ukingo bila kukuambia. Kwenye mawe na majani rudi kwenye kugusa, la sivyo itakwama kila hatua.

Mazoezi. Msindikizaji aweke uani ndoo, kigoda, kiroba cha mchanga na besheni, kila siku mahali tofauti, asikuambie. Tembea. Fimbo ikigusa kitu, usikipige mara tatu nne kwa hasira. Simama, telezesha ncha kukizunguka, sema ni nini na kina ukubwa gani, kisha pita.

Umefaulu ukitembea urefu wa ua mara kumi mfululizo, na kila kizuizi kikaguswa na fimbo kabla ya kuguswa na mguu. Mara tisa kati ya kumi bado haitoshi.

## Hatua ya 4: Ngazi na mawe

Mwanza haijajengwa tambarare. Ukipanda kwa wakazi wa mlimani, kuna ngazi za saruji, ngazi za mawe, na mahali ambapo jabali lenyewe ndilo ngazi. Hazilingani kimo, kwa hiyo usiamini hesabu. Kila moja iguse.

Kupanda: ishike fimbo kama kalamu, karibu wima, ncha ikigonga kipandio cha mbele yako. Ncha ikikosa cha kugonga, imebaki ngazi moja. Kushuka: simama, vidole vya miguu vihisi ukingo, fimbo itangulie ikigusa ukingo wa ngazi inayofuata. Ncha ikigusa uwanja, bado mguu wako una ngazi moja ya kushuka. Hapa ndipo watu wanapoanguka: wanadhani wamefika kwa sababu fimbo imefika.

Jabali lenye maji ya mvua lipitwe kwa kiwiko cha mtu au lisipitwe siku hiyo.

Umefaulu ukipanda na kushuka ngazi zilezile mara tano bila mguu kupapasa hewa.

## Hatua ya 5: Kwenda moja kwa moja, na kujua ulipo

Hakuna binadamu anayeweza kutembea mstari ulionyooka bila kuona. Kila mtu hupinda, na wako wanaopinda upande uleule kila siku. Msindikizaji asimame nyuma yako uwanjani, utembee hatua thelathini, akuambie umepinda wapi. Sasa unajua kasoro yako. Mimi hupinda kulia.

Dawa ya kupinda ni kuanza sawa na kufuata ukingo. Kuanza sawa: bandika visigino na mgongo kwenye ukuta au geti, ukitoka hapo uso wako umeelekea ulikokusudia. Kufuata ukingo: ncha iguse ukuta, iguse njia, iguse ukuta, iguse njia.

Kisha jifunze kutofautisha alama za aina mbili, maana wengi hupotea kwa kuzichanganya.

Alama za kudumu hazihami: kalavati mbele ya geti, nguzo ya umeme, jabali kwenye kona, mahali ambapo udongo unakuwa lami. Hizi ndizo unazijengea njia. Alama za kupita hubadilika: harufu ya maandazi, redio ya fundi cherehani, mngurumo wa mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga ni msaada mkubwa mpaka umeme ukatike.

Nilimfundisha mama mmoja wa Igogo aliyekuwa akiuza dagaa kabla macho hayajaisha. Aliapa kwamba harufu ya dagaa haiwezi kumpoteza. Asubuhi ilimfikisha vizuri. Mchana upepo wa ziwani ukaanza kuvuma kuja nchi kavu, ukaibeba harufu kichochoro kizima, naye akakata kona mbili kabla ya kona yake. Harufu inakuambia uko karibu, haikuambii uko wapi.

Jua ni rafiki wa asubuhi na jioni. Njia yangu inakwenda kaskazini: asubuhi nikitoka jua liko shavu la kulia, na jioni nikirudi liko tena shavu la kulia. Likinihamia kushoto najua nimegeuka. Saa sita mchana liache, huku kwetu linasimama utosini na halikuambii kitu.

Umefaulu ukiweza kukaa kitini na kuisimulia njia yako yote kwa alama za kudumu peke yake, kwenda na kurudi. Njia yangu ina saba.

## Hatua ya 6: Njia moja, na msindikizaji anayefifia

Chagua njia moja tu: mlangoni hadi kituo cha daladala. Usiongeze ya pili mpaka hii iwe yako.

Siku mbili za kwanza msindikizaji yuko ubavuni, haongei. Kisha hatua tatu nyuma, kisha kumi, kisha ng'ambo ya pili ya njia, kisha anakusubiri kituoni. Kila umbali urudiwe mpaka safari tatu mfululizo zipite bila neno SIMAMA. Likitamkwa, rudini umbali mmoja nyuma, bila lawama.

Katikati ya hatua hii fanyeni zoezi ambalo watu huliogopa: kupotea kwa makusudi. Msindikizaji akupeleke kwa kiwiko mahali fulani ndani ya njia yako, akuzungushe mara mbili, akuachie. Usikurupuke. Simama. Sikiliza magari yako upande gani. Tafuta ukingo kwa fimbo. Ukifikia alama ya kudumu, thibitisha kwa alama ya pili kabla ya kuiamini. Ukikosa kabisa, uliza.

Na kuuliza nako kunafundishwa. "Kituo kiko wapi?" italeta jibu la "pale," na kidole usichokiona. Uliza swali ambalo jibu lake ni neno: "Samahani mama, nikiupa mgongo mlango wako, kituo kiko mkono wangu wa kulia au wa kushoto?" Vijana wa kijiwe cha bodaboda ni hazina hapa. Jitambulishe kwao mapema, wasalimie kila siku, waombe wasiegeshe pikipiki kwenye njia yako. Wakwangu siku hizi wananiita kabla sijafika: "Shangazi, leo wamechimba hapo, pita ukutani."

Mvua ikinyesha, usitoke katika hatua hii. Mabati yanafunika kila sauti, na mtaro uliojaa una kimo sawa na njia.

Umefaulu ukiwa umefanya safari tano peke yako, na ukapotea angalau mara moja ukajirudisha mwenyewe. Ambaye hajawahi kupotea akajipata bado ana hofu inayomsubiri.

## Hatua ya 7: Kuvuka barabara

Panga kwanza kama unahitaji kuvuka. Kwa kuwa magari yetu yanapita kushoto, mimi nikienda mjini sivuki: kituo kiko upande wangu. Nikirudi, gari linanishusha ng'ambo, na hapo lazima nivuke. Watu wengi hufanya mazoezi ya kwenda tu, wakakwama saa kumi na mbili jioni upande usio wao.

1. Vuka penye pundamilia au tuta, pasipo kona wala gari lililoegeshwa. Gari lililoegeshwa linakuficha wewe na linaficha sauti.

2. Simama ukingoni, mabega sambamba na ukingo, uso ukielekea ng'ambo. Fimbo iwe mbele yako, ikionekana wazi.

3. Sikiliza kwanza bila kuvuka, dakika tano nzima. Upande wa karibu magari yanatoka kulia kwako, upande wa mbali yanatoka kushoto. Yazoee masikio.

4. Subiri kimya cha pande zote mbili. Gari likisimama na dereva akisema "pita mama," usipite kwa neno lake tu. Yeye kasimama, bodaboda iliyo nyuma yake haijasimama.

5. Ukianza, usisite na usirudi nyuma. Mwendo wa kawaida, mstari mmoja, mzungusho mpana kidogo, mpaka ncha iguse ukingo wa pili.

Tahadhari kubwa: kwenye miteremko yetu wako bodaboda wanaozima injini ili kuokoa mafuta, na baiskeli hazina mlio kabisa. Kimya cha mteremkoni si kimya cha kuaminika. Penye mteremko, na penye barabara pana yenye magari mfululizo, omba kiwiko. Hata baada ya miaka yote hii naomba kiwiko pale. Wala haipunguzi chochote katika kujitegemea kwangu. Nimeamua mwenyewe nani, wapi na lini.

Kwa mwenye uoni hafifu: fanya zoezi hili mchana, kisha jioni, kisha asubuhi jua likiwa usoni. Katika nyakati hizo tatu ni kama una macho matatu tofauti. Wengi hukataa fimbo kwa sababu "bado naona kidogo," na kidogo hicho kinawaacha saa moja jioni katikati ya lami. Tena fimbo inamwambia dereva asichoweza kukijua kwa kukutazama.

Umefaulu ukivuka mahali pamoja mara kumi, msindikizaji akiwa hatua tano nyuma, bila kuguswa wala kuitwa.

## Hatua ya 8: Kupanda na kushuka

Ukiwa umeielekea barabara, gari linatokea kulia na pua yake inasimama kushoto kwako, mlango uko upande wako. Muulize konda linakwenda wapi *kabla* ya kugusa gari, maana makonda wana haraka na watakupakia kwa upendo kwenda Buhongwa wakati unakwenda Igoma. Fimbo iwe wima mbele ya mwili. Mkono wa pili ufuate bodi ya gari mpaka upate ukingo wa mlango, ncha ipime kimo cha ngazi, ndipo mguu.

Konda akikuvuta kwapa, mwambie, "Kaka, niwekee tu mkono wangu kwenye chuma." Wengi wakishaambiwa mara moja hawarudii.

Nauli iwe mkononi, kamili, tayari. Sarafu zipange kwa ukubwa na kingo zake, noti zikunje nyumbani: mimi elfu moja naiacha wazi, elfu mbili naikunja mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi inakaa mfuko mwingine kabisa. Ukipewa chenji, uliza ni noti gani na uikunje papo hapo kabla ya kuichanganya.

Usitegemee konda akukumbushe kituo. Hesabu matuta na kona tangu safari za mazoezi, na sema "shusha" mapema. Ukishuka, fimbo itangulie chini: mara nyingi gari husimama mlango ukiwa juu ya mtaro. Ncha ikikosa ardhi, baki ulipo, mwambie dereva asogee mbele.

Umefaulu siku utakayotoka nyumbani peke yako, upande gari, ushuke, ununue kitu, urudi nacho. Kiwe kitu cha kweli kinachotakiwa nyumbani. Yule mama wa Igogo alichagua kwenda mwalo wa Kirumba kununua ndoo ya dagaa, na alipoingia uani aliitua chini kwa nguvu, makusudi, ili waliokuwa ndani wasikie.